Picha ya Katikati

Asubuhi ile naikumbuka, mwanangu, hata kanga niliyovaa naikumbuka. Nilikuwa msichana, huku karibu na Ngao, nimetumwa shambani kufukuza nyani. Nikamwona Godana, yule mfugaji Muorma aliyekuwa akituletea maziwa, akiwa na ng'ombe katikati ya mahindi yetu, fimbo juu. Sikungoja. Nikakimbia nikipiga kelele, "Godana analisha ng'ombe shambani mwetu!"

Wanaume wakatoka na mapanga: Maro, Jillo, na mjomba wangu Komora mbele. Godana alikuwa anatoka damu kichwani shangazi Hawaye alipofika, akajitia kati yao, akanishika mkono.

"Wewe mwenye macho, ulimwona akiingia?"

"Nilimwona na fimbo, shangazi."

"Fimbo sijakuuliza. Njoo tuone nyayo."

Tukainama sote. Kwato zilizoingia zilikuwa za ng'ombe tu, hakuna nyayo za mtu nyuma. Ndara za Godana zilitokea upande mwingine, kwa mbio, na kuanzia hapo kwato zote zilielekea nje. Alikuwa anawatoa! Komora akaliangusha panga. Mimi nililia, lakini lile kovu la kichwani Godana alizikwa nalo.

Sasa juzi mjukuu wangu Habona akanionyesha picha kwenye simu: mtu, fimbo, ng'ombe, mahindi. Chini wameandika eti tumevamiwa huko Minjila, tuamke.

"Nyanya, naituma kwa kundi la darasa."

"Weka simu. Lete makaa na katoni, na wenzako waite."

Nikachora picha tatu.

"Nyanya, hawa ng'ombe ama panya?" Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi shule sikukaa, lakini kuchora nachora. Nikaficha ya kwanza na ya mwisho, nikaacha ya mtu na fimbo.

"Huyu nani?"

"Adui!" wakajibu wote.

Nikafunua ya kwanza, ng'ombe wanaingia peke yao. Nikafunua ya mwisho, mtu anawatoa. Habona akasema polepole, "Kumbe simu imetupa ya katikati tu." Hakuituma.

Basi, mwanangu, ukiletewa picha ya kukupandisha hasira, uliza kabla yake kulikuwa na nini, na baada yake nini. Usipojua, iishie mkononi mwako, isifike kwa mwenye panga. Na watoto wako wachoree, hata vibaya kama mimi.

Mungu akupe macho yenye subira. Akunyeshee shambani, amnyeshee na mjukuu wa Godana malishoni.