Msichana wa Kidimbwini

Lenah Mukiri ni fundi wa nguo mjini Meru, mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache. Tangu utotoni hadithi moja tu ndiyo iliyomganda moyoni. Msichana alikwenda kuteka maji, akasikia sauti ya mama yake ikimwita kutoka ndani ya kidimbwi. Aliitika, akaingia, asionekane tena. Watu wa kwao wakipita hapo jioni husikia jiwe likisaga mtama chini ya maji.

Ilikuwa kwenye kitabu chao cha darasa la nne. Lenah na mdogo wake, Ednah, walikisoma mpaka jalada likabanduka, wakitishana kwa zamu. Kisha, msimu mmoja wa mvua kubwa, Ednah akateleza akichota maji mtoni Kathita. Wanaume walitafuta mpaka kule chini maporomokoni, wasipate hata kitambaa chake cha kichwa. Bila mwili hapakuwa na mazishi, na nyumbani jina lake likaacha kutajwa.

Lenah alijua Ednah aliko. Yuko chini, anasaga. Wazo hilo lilimtisha, na bado ndilo lililomshika mkono miaka yote. Hata uzeeni, mvua ikinyesha, alikuwa akisimamisha cherehani asikilize.

Mwaka jana bintiye, Makena, alimletea kitabu kipya cha vijana, akamwambia ni ile hadithi yake ya zamani imeandikwa upya. Lenah alifunga duka mapema, akanawa mikono, ndipo akakifungua.

Ndani alikuta msichana mwenye upanga wa moto. Kidimbwi kilikuwa mlango wa jumba la dhahabu, na aliyeita alikuwa mwana wa mfalme wa chini ya maji, kijana mtanashati mwenye macho ya kijani. Walipendana, wakapigana vita, wakashinda. Mama wa msichana hakutajwa ila mara moja. Jiwe la kusagia halikuwemo. Mwishoni msichana alitoka majini bila hata kulowa, akaenda nyumbani.

Makena alipomuuliza kama amekipenda, Lenah alikifunga kitabu.

"Huyu amerudi," alisema.

"Si ni vizuri, Mama?"

"Aliyeingia maji yale harudi. Mimi nilimngoja."

Ndipo Makena akasikia kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa na mama mdogo. Lenah alimweleza yote, na alipofika kwenye sura ya Ednah akakwama. Haikumjia. Miaka yote alikuwa akimkumbuka yule wa kitabuni, wala si mdogo wake. Hilo lilimuuma kuliko upanga na jumba la dhahabu.

Jumapili iliyofuata walikwenda nyumbani kwa Koome, kaka mkubwa wa Lenah na Ednah aliyerithi shamba, mtu ambaye miaka yote alikuwa akiondoka ukimtajia mto. Lenah alimwomba mahali pa kusimamisha msalaba wa Ednah, ingawa hapakuwa na cha kuzika.

Koome aliangalia migomba yake.

"Alikuwa na pengo hapa mbele," alisema, akigusa jino lake. "Mweke karibu na kaburi la mama."

Walichimba siku ileile, hapo penye udongo mwekundu. Makena ndiye aliyeandika jina. Walipomaliza wingu lilikuwa limeshuka kutoka Mlima Kenya na manyunyu yameanza, na Lenah alikataa kuingia ndani. Alisimama kando ya msalaba akilowa, kichwa amekiinamisha, sikio upande wa mto.