Mvuje Kwenye Kola ya Bwana Samaki

Stefano Mapunda hakuwa mlevi. Hilo litangulie, kwa sababu mtaa mzima wa Chuno, hapa Mtwara, umeshaamua vinginevyo, na tangu misa ya kumbukumbu yake mwaka huu limefufuka na jingine la zamani: kwamba alifuga jini la baharini, tena jini jike. Mjane wake, Mwalimu Yustina, aliyefundisha sayansikimu miaka ishirini na sita na kusahihisha madaftari ya wengi wa hao wasemaji, ameyasikia yote mawili. Kinywaji cha Stefano kilikuwa soda ya tangawizi, hata kwenye harusi. Ukweli wenyewe ni mdogo, na kwa marehemu ulikuwa mchungu kuliko ulevi na jini vikiwekwa pamoja. Alikuwa bwana samaki, ofisa wa serikali wa uvuvi, na kila alipopanda boti alitapika.

Kosa halikuwa lake. Alizaliwa Songea, mbali na bahari, akasomea ufugaji wa perege kwenye mabwawa, na perege wake walisifika kwa unene. Mwaka 1993 barua ya uhamisho ikamleta Mtwara, maana kwa aliyeiandika samaki ni samaki. Bwawa la Stefano lilimfika kiunoni. Sasa akakabidhiwa maji yote kuanzia Mikindani mpaka Ruvuma inapomwagika baharini, na kazi ya kuwakamata wanaovua kwa baruti.

Doria ya kwanza alitapika kabla boti haijatoka ghubani. Nahodha wake, Shaibu, mtu wa Mikindani mwenye adabu zake, aligeuza uso upande wa pili na kusema kwamba leo samaki wamepata kifungua kinywa cha serikali. Stefano alimwapisha asiseme kwa mtu. Wavuvi wakijua, nani tena atamwogopa? Jioni akamwapisha na mkewe, ingawa haikuwa lazima. Kwa kina Yustina mambo ya tumbo hayavuki kizingiti.

Yustina, kwa kuwa aliamini sayansi, alimpeleka hospitali. Daktari akawaeleza kwamba kichefuchefu cha namna ile hakina uhusiano wowote na ushujaa, akatoa vidonge: kimoja, saa moja kabla ya safari, na aangalie kwa sababu vinaleta usingizi. Stefano alimeza vitatu. Alikuwa na imani kwamba dozi ya serikali hupunjwa.

Kweli, hakutapika. Alilala tangu Shangani mpaka Msimbati, mdomo wazi, kofia ya kazi ikielea nyuma ya boti. Baruti zililipuka mara mbili, hakusikia. Shaibu akamshusha kwa kumshika kwapani mbele ya wanawake waliokuwa wakisubiri samaki ufukweni, macho mekundu, ulimi mzito. Hapo ndipo ulevi wa Stefano ulipozaliwa. Yustina alimsimamia safari iliyofuata, akameza kimoja kama alivyoandikiwa. Kimoja kilimlaza nusu ya njia tu, na watu wakasema siku hiyo amekunywa kidogo.

Shaibu ndiye aliyempeleka kwa Mzee Kanji, mwenye duka la viungo mjini. Nyuma ya duka Mzee Kanji alikuwa na kabati la dawa za Ayurveda alizorithi kwa babu yake. Alimshika Stefano mkono kwa vidole vitatu, akauliza alichokula jana, akauliza kama ni mtu wa hasira, kisha akatamka kwamba tumboni mwake kuna upepo unaopanda badala ya kushuka. Akampa unga wa tangawizi wa kuchanganya na asali na chumvi kidogo, alambe kabla ya kupanda boti. Akampa iliki za kutafuna. Mwisho akampa donge la mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali, lifungwe kwenye kitambaa na kukaa karibu na pua, alinuse bahari inapochafuka.

Tangawizi na iliki Yustina alizipokea vizuri, hata alizisomesha darasani. Mvuje alikataa usiingie ndani. Pwani hii nani asiyeujua? Hufungwa watoto wachanga wasidhuriwe na wabaya, hufukiziwa wenye mashetani, na harufu yake hufika kwa jirani kabla ya mwenyewe.

"Nyumba ya mwalimu haitanuka kama kilinge cha mganga," alisema.

"Mama Innocent, hii ni dawa ya tumbo."

"Tumbo ni lako. Pua ni za watu."

Basi Stefano akaenda kwa tangawizi peke yake. Maji yakiwa tulivu ilimtosha. Ila pale mtoni, maji ya Ruvuma yanapokutana na ya bahari na mawimbi kuja kutoka pande mbili, tangawizi ilisalimu amri.

Mwaka 1998 ikaja barua. Bwana mkubwa wa mkoa amepata malalamiko kuhusu ofisa anayelala kazini kwa ulevi. Jumatano angepanda boti mwenyewe, mpaka mdomo wa Ruvuma, na akiyakuta ni kweli, Stefano angerudi Songea bila kazi. Mtoto wao Innocent alikuwa kidato cha pili. Stefano alikaa mezani akitazama vidonge upande huu na kopo la tangawizi upande ule. Akimeza, atakutwa amelala. Asipomeza, atatapika miguuni pa mkubwa, na nani atasadiki kwamba si pombe?

Jumatano asubuhi sare yake ilikuwa kwenye kiti, imepigwa pasi. Aliivaa, akafunga kifungo cha juu, akanusa. Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa akimimina chai, na chai ile ilichukua muda mrefu kumiminika.

Yaliyotokea mtoni Shaibu ameyasimulia mara nyingi, na kwa hili haongezi chumvi. Mawimbi yalipoanza, aliyeshika ubavu wa boti na kuinama alikuwa bwana mkubwa. Stefano alisimama wima, kidevu kimezama kwenye kola, akivuta pumzi taratibu na kumsomea mkubwa ukubwa wa matundu ya nyavu unaoruhusiwa kisheria. Ndipo wakakutana uso kwa uso na mashua mbili za wavuvi wa baruti. Upepo ukawapelekea mvuje. Wakaona mtu wa sare ametulia kama yuko sebuleni, midomo yake inanong'ona kolani, na nyuma yake mtu mzito anagumia kwa kushikwa tumbo na kitu kisichoonekana. Walizitupa chupa zao za baruti majini wenyewe, wakainua mikono.

"Bwana Samaki," Shaibu alimnong'oneza, "usiwaeleze kitu."

Hakuwaeleza. Kwa miaka saba iliyofuata baruti zilipungua sana upande ule, na ofisi ikamwandikia barua ya pongezi kwa utulivu wake kazini. Imo ukutani mpaka leo, kwenye fremu. Padre alimwita mara moja kumuuliza habari za jini. Stefano alimjibu kwamba ni tumbo tu, na padre akamwombea kwa bidii zaidi. Mwaka 2005 alifariki kwa shinikizo la damu, kitandani kwake, nchi kavu.

Mwaka ulipotimia nguo zake zikagawiwa, na shati moja la sare likamwangukia mume wa Warda, jirani wa nyumba ya tatu. Warda ni fundi cherehani. Aliifumua kola ili aigeuze, akakuta kifuko cha kitambaa, na mvuje bado unanuka. Mtaa ukapata habari kabla ya adhuhuri. Wiki iliyopita alikuja mwenyewe na sahani ya vitumbua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Sikuja kwa ubaya. Kile kifuko kimeshonwa kwa mkono, mishono kumi na miwili kwa inchi. Hivyo ndivyo ulivyotufundisha."

"Kwenye mtihani wa mishono ulipata ngapi, Warda?"

Warda alitazama vitumbua. "Arobaini na moja."

"Basi mishono usiisemee. Marehemu hakuwa mlevi, wala hakuwa na jini. Alikuwa na tumbo."

"Sawa, Mwalimu. Lakini aliyeshona—"

"Sahani yako nitaileta kesho. Na hilo sitalijibu, kwako wala kwa mtu mwingine."