Muzamil Aliyezing'oa Feni

Muzamil ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Ana miaka thelathini na moja, anapiga video za harusi hapa Mikindani, na tangu atoke chuoni Dar es Salaam hajawahi kukosea. Muulize. Ukimwambia mvua inanyesha, atakusahihisha.

Sisemi hajui kazi. Picha zake nzuri, na watu wa Likombe wanamfuata mpaka mlangoni. Lakini mwaka jana alinunua kompyuta yenye kadi kubwa ya grafiksi, ile sehemu inayochakata picha na kula umeme kama pasi, na hapo ndipo akili ilipomhama. Kadi ilikuja na feni tatu. Chumvi ya bahari yetu ikazila, miezi minane tu zikawa zinakwaruza. Mtu mwenye akili zake angenunua feni nyingine. Muzamil akasema feni ni ushamba.

"Mama mdogo, kuna watu Ulaya hawatumii feni kabisa," akaniambia. "Kimya. Chuma tu kinanyonya joto."

"Ulaya kuna baridi," nikamwambia.

Akacheka kile kicheko chake cha kunihurumia.

Akazing'oa zote tatu. Akaagiza bonge la alumini lenye mapezi membamba kama ya samaki, zito kama jiwe la kusagia, akalifunga juu ya kadi. Hata mimi nisiyesomea mambo hayo nilijua mapezi yale yanataka upepo upite katikati. Yeye akaichukua kompyuta akaiingiza kwenye kidaka, kile kishubaka cha ukutani ambamo wazee wetu walikuwa wakipanga sahani za kaure. Eti nyumba ya mawe ina ubaridi, ukuta una unene wa mkono mzima, basi ukuta utalimeza joto. Ni kweli sote tumekua tukiegemeza migongo kwenye kuta zile jua likiwa kali, na ubaridi wake tunaujua. Lakini mgongo wangu hauli umeme. Na kidaka kina uwazi upande mmoja tu, hewa ikishaingia itokee wapi?

Ningemwacha na ujuaji wake, isipokuwa ndani ya kompyuta hiyo ilikuwamo harusi ya binti yangu, Subira.

Mama yangu, Bi Mgeni, hakuiona harusi. Wiki ile alikuwa amelazwa, na aliporudi nyumbani macho yake yalikuwa yanakwenda. Daktari alituambia wazi kwamba presha ya macho imeshayaharibu, amebakiza mwezi wa kuona, labda na siku chache juu. Mama akaomba jambo moja tu, amwone Subira akitoka nyumbani kwenda kwa mumewe. Muzamil, mjukuu wake wa kwanza, akamshika mkono akamwahidi wiki moja.

Wiki ya kwanza kompyuta ikajizima yenyewe. Wiki ya pili haikujizima, ila ikajipunguza nguvu isije ikaungua. Kazi ya saa tatu ya kuitoa video ikawa ya siku mbili, kisha ikakatikia katikati na kuanza upya. Nikatia mkono kidakani nikaugusa ukuta, nikautoa haraka. Jiwe lilikuwa limelimeza joto kweli, ila halikuwa na mpango wa kulitema.

"Lete hizo picha hivyo hivyo tumwonyeshe bibi yako," nikasema.

"Kazi mbichi haitoki studio kwangu, mama mdogo. Watu wataionaje?"

"Ataiona mtu mmoja."

"Ngoja niongeze mapezi tu."

Akaongeza. Wiki ya tatu ikapita, na ya nne, yeye akikesha kutazama nyuzi za joto zikipanda pembeni mwa skrini. Kumnyang'anya sikuweza. Kuichukua kazi ya mtoto wa dada yako ukaipeleka kwa mtu baki ni kumvua nguo barabarani, na dada asingenisemesha tena. Huo ulikuwa ujinga wangu mimi, na unaniuma kuliko wake.

Wiki ya sita mkewe, Nuru, akachoka naye. Nuru anauza vitumbua, chuo hakukiona. Aliitoa kompyuta kidakani, akaiweka mezani, akafungua ubavu wake, akaielekezea feni ya kusimama, ile wanayoiwasha wakilala. Ndani ya saa tatu na nusu, video ikatoka.

Muzamil akaileta mwenyewe, amenyoosha kanzu, Nuru nyuma yake. Tukaiweka kwenye televisheni, likatangulia jina lake kubwa la dhahabu likizungukazunguka. Mama alikuwa kwenye kiti chake, uso ameuelekeza dirishani. Televisheni ilikuwa upande wa pili.

Mama hakugeuka. Akasema:

"Muzamil, baba, huku kwangu ni giza. Juzi nilikuwa bado nauona mlango, jana sikuuona. Nieleze wewe, ndiwe uliyekaa nayo. Subira alipotoka, alilia?"

Harusi ile Muzamil ameiangalia pengine mara mia. Akanitazama mimi, akamtazama mkewe, hatukumsaidia.

"Bibi," akasema, "sikumwangalia usoni. Nilikuwa naangalia nyuzi za joto."