Kikombe cha Mzizi Mwekundu

Nilianza na baiskeli ya kubebea mawese, leo nina depo yangu ya dawa Kasongo, na hata Kabambare wanaijua dawa yangu ya moyo, mzizi mwekundu wa Wachina. Sikusoma sana, lakini nauza kuliko waliosoma. Kwetu muuza dawa huonja kwanza mbele ya mnunuzi, ijulikane si sumu. Kila siku nilichemsha mzizi, nikaonja kwa kikombe nikijipiga kifua.

Kisha moyo wangu mwenyewe ukaanza kwenda mbio, na hospitali wakanipa vidonge vya kuzuia damu isigande. Juzi nilijikata kidogo nikinyoa ndevu, damu ikakataa kukauka. Muuguzi aliniuliza ninakunywa nini kingine. Nilipomwambia, akashika kichwa.

"Papa, ndani ya ule muzizi muko vitu vinafanya kazi moja na vidonge. Ukichanganya, damu itatoka bila kusimama. Vidonge usiache. Muzizi, acha leo."

Niliporudi depo nilimkuta mama mmoja wa kijiji cha Wamaza, ametoka huko kwa miguu, mume wake anaumwa moyo. Nilimpimia mizizi, hakuipokea.

"Onja kwanza, papa."

"Leo nimeshiba, mama."

"Umeshiba, ao iko sumu?"

Watu barazani wakacheka, kisha wote wakageuka kuniangalia. Nikisema ukweli, nani atanunua dawa ya moyo kwa mgonjwa wa moyo?

Nikachukua kikombe, nikanywa chote, nikajipiga kifua kama kawaida. Ulimi wangu ulikuwa unapapasa fizi, ukitafuta kama damu imeanza.