Mbuzi wa Mama Zubeda Ubaoni

Mwalimu wa Kiingereza pale mjini Baraka, kando ya ziwa, hakuwahi kutoa mfano kitabuni. Alitumia vitu vya watu. Hupita katikati ya mabenchi, mikono nyuma, vidole vyeupe kwa chaki, akiuliza taratibu, “Iko ya nani?” Mara kitambaa cha Siti, mara nyavu za wavuvi wa Mboko. Kisha huandika kwa Kiingereza, na ule mkato mdogo wa juu, apostrofi ya kuonyesha mwenye mali, huuweka mwisho kabisa: mwenye mali akiwa mmoja, kabla ya s, wakiwa wavuvi wengi, baada yake. Hapo hufumba jicho moja, kama fundi anayetia uzi kwenye sindano.

Siku hiyo mjumbe wa chama tawala alikuja kuangalia darasa, akakaa nyuma. Mwalimu akaandika, na mwanafunzi wake Zubeda akaelewa kabla hajamaliza. Walikuwa mbuzi wa mama yake, wale waliochukuliwa na askari juzi. Mjumbe hakujua Kiingereza.

“Citoyen, ile njo nini?” akauliza, akimwita mwalimu “mwananchi” kwa Kifaransa cha chama.

Zubeda akaomba moyoni mwalimu aseme ni kuku, ni viti, chochote.

“Ni mbuzi za mama ya Zubeda, citoyen,” akajibu kwa sauti yake ya kila siku. “Ziko kule kambi ya basoda. Lakini ziko za mama ya Zubeda.”

Mjumbe akafungua kalamu, akamwuliza mwalimu jina lake. Mwalimu akamtajia herufi moja moja, polepole, akingoja kila moja iandikwe vizuri.