Kiswahili cha Amri

Nakumbuka Jumapili moja ya baridi kali, mwanangu, hapa hapa Scarborough, ughaibuni, nilipofagia nyumba ya watu nikiwa mgeni niliyealikwa chakula. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na mimi bado msichana.

Nyumba ilikuwa ya kina Yasmini. Tulizaliwa mji mmoja, mji mdogo wa Kusini kule Tanzania, kwenye mikorosho. Wao walikuwa Wahindi wenye duka, sisi Waswahili tuliokwenda kununua chumvi na mafuta ya taa. Tulicheza rede pamoja mbele ya duka, lakini nyuma ya kaunta kulikuwa na pazia, na hakuna mtoto wa Kiswahili aliyelivuka isipokuwa mama yake awe anafua huko ndani. Hakuna aliyetukataza kwa maneno. Tulijua tu.

Miaka ikapita, tukahamia huku kila mmoja kwa njia yake. Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya basi mtaa wa Agincourt nikasikia mtu nyuma yangu, "Lo! Baridi hii inachinja!" Nikageuka.

"Wewe si Somoe?"

"Yasmini wa dukani!"

Tulikumbatiana mpaka basi likatuacha. Tangu siku hiyo hatukuachana. Basi shangazi yangu, niliyekuwa nikiishi naye, alipojiandaa kuhamia kwa mwanawe mji mwingine, nami sina pa kwenda, Yasmini akasema, "Njoo kwetu, kuna chumba. Jumapili uje ule, Mama akuone."

Nikaenda nimejipamba. Mama yake akafungua mlango.

"Shikamoo, mama."

"Ndiyo, ndiyo. Ingia. Vua viatu. Kaa."

Pilau lilikuwa tamu, siwezi kumnyima haki yake. Kisha wali kidogo ukamwagika sakafuni, sijui kwa mkono wa nani. Mama akaninyooshea kidole mimi, halafu akaonyesha kona.

"Wewe. Lete fagio. Fagia hapa."

Yasmini akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetafuta pa kujificha, akaendelea kula. Nami nikafagia. Mikono ilianza kabla kichwa hakijasema lolote. Nilipomaliza nikavaa viatu, nikatoka bila kuaga.

Sikupanda basi. Nilitembea, nikasimama, nikataka kurudi nikatukane, nikaendelea. Yasmini akanipigia, simu ikalia mfukoni, nikaiacha ilie. Nyumbani nikaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

"Una nini wewe?" Shangazi akauliza. Nikamweleza yote, nikamalizia, "Mhindi ni Mhindi tu. Siendi tena kwao, na Yasmini simtaki."

Shangazi alikuwa yaya katika nyumba ya Wahindi kule Kusini, ujanani. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mimi nililea watoto wao mpaka siku walipohama. Mama mwenye nyumba alilia, machozi yale ya kweli. Unajua alivyoniaga? 'Chukua shuka hii. Nenda.' Hata kunililia alinililia kwa amri. Kiswahili chake chote kilikuwa cha kutumia watu kazi."

"Kwa hiyo nimsamehe?"

"Nani kasema? Mtu anazaliwa nchini, anazeeka, hajifunzi kusema naomba! Hajakosa mwalimu huyo, hakutaka. Lakini Yasmini umemwambia?"

"Si alikuwepo? Aliona."

"Aliona wali. Sauti ile ameisikia tangu tumboni, ataishtukia vipi? Umenuna, ukadhani umesema. Vaa koti."

Nikarudi. Yasmini alinifungulia akiwa na macho mekundu. Nikamwambia palepale mlangoni, neno kwa neno. Akajibu haraka, "Mama ni mzee, Somoe. Hana nia mbaya, ndivyo anavyoongea."

"Kwa Kigujarati chenu, akikutuma, hasemi 'tafadhali binti yangu'?"

"Anasema," akakiri.

"Basi na mimi nayataka hayo."

Alisimama pale akichezea kitasa. Sikujua kama atafunga mlango au ataufungua zaidi, na nakuambia kweli, sijawahi kuogopa mlango kama ule. Mwisho akaingia ndani. Nikasikia Kigujarati kikipanda na kushuka, mama akifoka, Yasmini akifoka zaidi. Mama akatoka, uso umemwiva. Akanivutia kiti.

"Na... naomba," akasema. "Naomba kaa."

Sarufi iliharibika, lakini nilikaa. Sikuhamia wiki ile. Nilihamia baadaye, na mara nyingi amri zilirudi, nami nilisema kila mara, na Yasmini hakucheka tena.

Mwanangu, wewe unayenijibu Kiingereza, najua shuleni na kazini yatakukuta ya namna hii, kutoka kwa watu unaowapenda. Usifagie kisha ukanuna. Mwambie rafiki yako jambo lenyewe, mapema, kwa maneno anayoweza kuyashika. Usimlaumu kwa kabila lake zima. Mdai yeye, kwa alilolifanya na alilolinyamazia. Na ikiwa wewe ndiye unayeambiwa, usikimbilie kusema "hana nia mbaya." Nyamaza kwanza, usikie. Na uliyemwambia akikataa kabisa kusikia, ondoka na heshima yako, hujapoteza rafiki.

Mungu akupe ulimi usiotukana wala kumeza maneno, na watu wa rangi zote watakaokasirika mbele yako, nao bado wawe wako. Amina.