Karani wa Hati za Hisa

Karani wa dirisha la hati, katika ofisi ya madalali wa hisa pale Perth, hakumjibu mtu kabla ya kugeuza shingo kutazama ubao wa bei. Beryl Trewin, mpishi wa hoteli, alikuwa na wiki tisa za kuizoea shingo ile, tangu anunue hisa elfu mbili za mgodi wa nikeli kwa senti kumi na mbili kila moja. Alilipa papo hapo, hati hakuiona. Bei ikipanda, karani alilowesha kidole kwenye sifongo, akafunua jalada tupu na kusema kwa sauti ya mtu aliyekuja kukupa pole: "Iko njiani, mama. Watu wa posta si unawajua?" Bei ikishuka, alipiga mluzi na kugawa biskuti.

Jumatatu zikaja habari kwamba mgodi umetoa tope tupu, na hisa zikaporomoka hadi senti mbili. Beryl alikuta sahani nzima ya biskuti, na hati yake imeshagongwa muhuri. "Umeona, mama? Mvumilivu hula mbivu."

Nyuma ya hati ilibanwa stakabadhi ambayo karani alisahau kuitoa. Ilionyesha kwamba aliyemuuzia Beryl alikuwa amezinunua hisa hizo asubuhi ile ile, kwa senti mbili. Na jina la muuzaji huyo ndilo lililochongwa kwenye kibao cha shaba cha karani pale dirishani.

"Wewe bwana! Uliniuzia kitu ambacho huna?"

Karani aligeuza shingo, akatazama ubao.

"Sasa unacho wewe, mama," alisema, akimsogezea sahani. "Chukua biskuti."